Nyumba ya Mtu wa Kipato cha Chini Huanzia Uani

Saa kumi na moja alfajiri, Buguruni, Dar es Salaam, uani kwenye nyumba ya vyumba sita, jiko la mkaa limeshakolea. Mama mmoja ameketi juu ya kigoda, kikaango cha vitumbua mbele yake. Mchele uliosagwa na tui la nazi umeumuka usiku kucha ndani ya ndoo yenye mfuniko. Anamimina, anageuza, anaopoa. Kufika saa moja sinia limehamia barazani, wanafunzi na makondakta wananunua. Saa tatu ndoo imeshaoshwa na sufuria la maharage limepanda juu ya mkaa uleule. Chumba anachopanga ni kimoja, futi kumi kwa kumi, godoro la watoto huviringishwa asubuhi ili watu wapite. Kazi yake yote inafanyika nje ya chumba hicho, na bado inafanyika nyumbani.

Nimelelewa kwenye nyumba ya namna hiyo. Kila nikiona mchoro wa mradi wa nyumba za bei nafuu, wenye miti ya kijani na magari yaliyopangwa vizuri, huwa nautafuta uani. Kisha najiuliza: huyu mama atakaangia wapi?

Swali hilo linafungua mlango wa mjadala mzima. Kwa mwenye mshahara, nyumba ni mahali pa kupumzika baada ya kutafuta pesa kwingine. Kwa maelfu ya wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Zanzibar, nyumba ndipo pesa inapotoka: hapo anashona, anafua nguo za watu, anasuka nywele, anauza barafu na mkaa wa mafungu, anapangisha chumba. Ukimpa nyumba isiyomruhusu kufanya hayo, umemwongezea gharama na kumwondolea kipato kwa siku moja. Miradi mingi imekwama hapo hata pale nia ilipokuwa njema na zege lilipokuwa zuri.

Tuanze na nyumba ya Kiswahili yenyewe, kwa sababu ndiyo nyumba ya jamii kubwa kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, ingawa hakuna wizara iliyoijenga. Mbele kuna baraza. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Nyuma kuna uani, wenye jiko, bafu, choo, kamba za nguo na mapipa ya maji. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na vilivyobaki hupangisha. Mara nyingi naye si tajiri. Ni mjane au mzee aliyestaafu kazi isiyo na pensheni, na kodi za vyumba ndizo zinazomlisha. Nyumba hizi ndizo zilizowapokea wageni wa mjini kizazi baada ya kizazi, huyu kutoka Rufiji, yule kutoka Singida.

Siipambi. Choo kimoja cha shimo kwa familia sita ni adha, na masika kikifurika ni ugonjwa. Chumba chenye dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani kwa nusu mita ni tanuri. Na kuna lile la kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, juu yake pesa ya dalali, mtu ambaye kipato chake ni cha kutwa. Lakini ramani ya nyumba ile inajua jambo ambalo wataalamu wengi hulisahau: sehemu zisizo na paa zina thamani sawa na zenye paa. Mpango wa nyumba ukihesabu vyumba na mita za mraba peke yake, baraza na uani huandikwa sifuri, kisha hufutwa ili kupunguza gharama.

Zanzibar walilipitia hili mapema. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Karume iliamua wakazi wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, waondoke kwenye vibanda vya miti na udongo na kuingia nyumba za kisasa. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakaja, na katika miaka ya 1970 yakasimama majengo ya Michenzani, marefu kama treni, takriban mita 300 kila moja, yakikutana kwa umbo la msalaba kwenye mzunguko wa barabara. Heshima ya wazo lile nailinda: mtoto wa mchukuzi alipewa bafu la ndani na umeme katika mji ambao vitu hivyo vilikuwa vya wachache. Ila jengo lilichorwa kwa maisha ya watu wengine. Kwa miaka mingi maji yalisumbua kufika ghorofa za juu, watu wakapandisha ndoo kwa ngazi. Mkaa haukuwa na pa kukaa. Shughuli za uani zilibanwa ndani au zikateremshwa chini, mbali na macho ya mwenyewe. Na mtu wa pwani ukimtenga na baraza umemtenga na habari, na msaada, na jirani anayemwangalizia mtoto.

Kibera, Nairobi, somo lilikuja kwa sura nyingine. Mwaka 2009 familia za Soweto Mashariki, kijiji kimoja ndani ya Kibera, zilihamishiwa kwenye maghorofa ya Lang'ata, nyumba 600, wakae hapo wakati kijiji chao kinajengwa upya. Familia mbili tatu ziligawana nyumba moja, kila moja chumba chake, jiko na choo vya pamoja. Mwaka 2016 nyumba 822 zikakabidhiwa kule Soweto kwenyewe. Haukupita muda yakaanza malalamiko kwamba baadhi ya waliopewa wamepangisha watu wenye uwezo zaidi na wao wamerudi vibandani. Viongozi wengi huita hali hiyo utapeli. Mimi naiona hesabu. Ukimpa mtu chumba cha kodi ya chini sana mahali ambapo soko linakilipia mara kadhaa, na papo hapo umemwondolea genge lake la biashara, umempa sababu mbili za kukipangisha na moja tu ya kubaki. Huwezi kuizuia hesabu hiyo kwa askari wa kukagua vitambulisho. Unaizuia kwa nyumba ambayo kubaki kunalipa.

Sasa pesa, maana hapa ndipo neno "bei nafuu" linapopotoshwa. Chukua nyumba ndogo ya shilingi milioni 30 za Tanzania, bei ambayo tangazo lolote litaiita ya mwananchi wa kawaida. Ukikopa benki kwa riba ya asilimia 15, miaka 20, utalipa karibu shilingi 395,000 kila mwezi. Shusha riba hadi asilimia 5, kiwango ambacho hutakiona bila mkono wa serikali, bado ni karibu 198,000. Mtu wa kitumbua analipa kodi ya chumba shilingi 40,000 au 50,000, na baadhi ya miezi anaikopa kwa kijumbe, mshika pesa za upatu. Kwa hiyo hata riba ikiwa ya huruma, nyumba iliyokamilika haimfikii. Anayefikiwa ni karani au mwalimu, naye ana haki ya nyumba, ila tusiandike jina la maskini kwenye bango kisha tukabidhi funguo kwa mwingine.

Zimebaki njia mbili za kweli. Ya kwanza ni nyumba za kupanga zinazomilikiwa na umma, kodi ikilipwa kwa wiki au mwezi na kufidiwa na kodi ya walio nacho. Ya pili ni kujenga kidogo kidogo, na hii haihitaji kufundishwa kwa Mswahili yeyote. Pita Chanika au Kivule, pembezoni mwa Dar es Salaam, uone: msingi huu una miaka minne, boma lile limefika renta, pale wamepaua chumba kimoja na kuhamia, vingine vinasubiri. Benki huona ujenzi usiokamilika. Mwenyewe anaona akiba isiyoliwa.

Huko Chile, msanifu Alejandro Aravena na wenzake wa kampuni ya Elemental waliligeuza wazo hilo kuwa mradi wa serikali. Katika mji wa Iquique, mwaka 2004, walikuwa na ruzuku ya dola 7,500 kwa familia, pesa iliyopaswa kulipia kiwanja, miundombinu na jengo, kwa familia karibu 100 zilizokuwa zimekaa pale Quinta Monroy kwa miongo mitatu. Kujenga nyumba kamili kwa pesa hiyo kungewapeleka nje kabisa ya mji. Wakajenga nusu: ile sehemu ngumu, yaani msingi, ngazi, jiko, bafu na kuta zinazobeba uzito, na pembeni yake nafasi tupu ambayo familia itaijaza kwa wakati wake. Watu hawakuhamishwa. Mwaka 2016 Aravena alipewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya usanifu majengo. Niliposoma habari ile nilifurahi na nikaumia kidogo, maana mafundi wa Mbagala wamekuwa wakijenga nusu nyumba maisha yao yote, tofauti ni kwamba hakuna mhandisi aliyewahesabia nguvu za msingi mapema.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Kambi Moto, kijiji kimoja katika Huruma, Nairobi, na huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakazi wake, wakiwa ndani ya Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya vibanda, na wakisaidiwa na shirika la Pamoja Trust, walianza kwa kujihesabu wenyewe: nani anakaa wapi, nani mwenye kibanda, nani mpangaji. Ugomvi mkubwa wa mradi wowote wa vijiji vya Nairobi uko hapo, kwa sababu mwenye vibanda kumi anataka nyumba kumi. Walikubaliana kwamba mwenye kibanda na mpangaji wote watapata nafasi sawa. Makubaliano hayo, kwa maoni yangu, ndiyo yaliyokuwa msingi wa kwanza. Ule wa mawe ulifuata.

Kisha walisimamisha nyumba ya kitambaa. Walifunga vitambaa kwenye miti kwa vipimo halisi, wakaingia ndani, wakatembea, wakabishana. Kwenye karatasi mita 4.5 kwa 4.5 ni mraba tu. Ukisimama ndani yake unajua kama kitanda kikikaa hapa mlango utafunguka au la. Halmashauri ya jiji ilikubali viwanja vidogo kuliko kanuni zake za kawaida, na wakazi wakapanda juu: chumba cha chini kwanza, ngazi ikiwa tayari imewekwa, ghorofa ya pili mkono ukikunjuka, ya tatu baadaye. Sakafu za juu walizitengeneza kwa laadi, vipande vya zege ambavyo ufundi wake ulitoka India. Humwagwa chini kwenye kalibu na kupandishwa juu kimoja kimoja, hivyo hazihitaji mbao nyingi za kushikilia zege. Wanawake wa kijiji walikuwa miongoni mwa waliovitengeneza. Ukubwa ule mdogo wa kiwanja ndio uliookoa jambo kuu: watu walibaki pale pale walipokuwa, karibu na kazi zao.

Umuhimu wa kubaki unaonekana vizuri ukiutazama mfano wa Chamazi. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa watu Kurasini, Dar es Salaam, kundi la wakazi wakiwemo wapangaji walijiunga chini ya Shirikisho la maskini wa mijini na CCI, kituo kinachosaidia mipango ya jamii, wakanunua ekari 30 huko Chamazi. Walifyatua matofali wenyewe. Walijenga nyumba za kuanzia ambazo zingeongezwa baadaye, na majitaka yao wakayapitisha kwenye bustani ya mimea inayoyachuja badala ya kila nyumba kuchimba shimo lake. Kila kitu ambacho mwandishi wa mambo ya mazingira angekitamani kilikuwepo. Tatizo lilikuwa ramani. Chamazi iko kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya jiji. Mtu aliyekuwa anatembea kwa miguu hadi bandarini kubeba mizigo, au hadi soko la samaki Feri, sasa anapanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Tuseme ni shilingi 2,600 kwa siku. Kwa siku 26 ni 67,600. Nauli imepita kodi ya chumba. Wapo waliochelewa kuhamia au waliobaki wanapanga mjini, na sithubutu kuwalaumu. Waliifanya kazi ambayo mji mzima ulipaswa kuwafanyia, kwa ardhi ambayo mfuko wao ungeweza kuimudu.

Ndiyo maana nikiulizwa nyumba endelevu ni ipi, jibu langu la kwanza halihusu sola. Nyumba inayomlazimisha mtu kukaa saa tatu ndani ya daladala kila siku haiwezi kuokolewa na taa za jua. Kiwanja kilicho karibu na kazi ndicho ruzuku kubwa kuliko zote, na mara nyingi kiwanja hicho serikali inacho: maeneo ya kota za zamani, karakana zilizokufa, yadi za mashirika. Magomeni Kota ilionyesha hivyo. Familia 644 ziliondolewa kwenye kota zilizochoka mwanzoni mwa miaka ya 2010, zikahangaika kupanga huku na huko takriban muongo mzima, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa yao mapya pale pale, hatua chache kutoka Kariakoo. Kusubiri kulikuwa kurefu mno na wapo waliofariki bila kurudi. Lakini walirudi Magomeni, hawakupelekwa Mkoa wa Pwani, na baadaye wakafunguliwa njia ya kuzinunua kwa mfumo wa mpangaji mnunuzi. Mradi wowote utakaofuata uanzie kwenye kanuni hiyo, kisha upunguze miaka ya kusubiri.

Kwenye jengo lenyewe, mengi ya uendelevu ni akili ya zamani. Pwani yetu ina pepo mbili: kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki wakati wa joto kali, kusi inatoka kusini mashariki katikati ya mwaka. Jua linatupitia karibu utosini na kuzichoma kuta za mashariki na magharibi. Kwa hiyo jengo liwe jembamba, ubavu mrefu utazame kaskazini na kusini, kila chumba kiwe na matundu pande mbili. Ghorofa lenye korido ya giza katikati na vyumba kila upande huua upepo wote huo, na mpangaji hulipia kosa la mchoraji kwa luku ya feni usiku kucha. Ukuta wa matofali ya matundu kwenye ngazi, paa lenye upenu mrefu, kibaraza kinachotia kivuli dirishani: hivi havina gharama ya maana.

Saruji nayo tuipime, kwani utengenezaji wake unatoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na binadamu duniani. Tofali za udongo za kufungamana, zile ambazo mafundi huziita intaloki, hukandamizwa kwa mashine na saruji kidogo, hazichomwi kwa kuni, na hula mota kidogo sana ya kuunganishia. Zinataka udongo sahihi na msingi ulioinuka juu ya maji ya masika. Kwa jengo la ghorofa moja au mbili zinatosha. Ukitaka kupanda zaidi, nguzo za zege zibebe mzigo na tofali hizo zijaze kuta.

Kuhusu urefu nina msimamo: ghorofa nne, yaani chini na juu tatu. Hapo mama mjamzito na mzee bado wanapanda kwa miguu. Lifti inapokufa kwenye jengo la wenye kipato cha chini, anayekaa ghorofa ya tisa amefungwa, na matengenezo yake yanaweza kumaliza mfuko wa jengo kwa mwezi mmoja. Tanzania inayo sheria ya umiliki wa sehemu za jengo tangu 2008, inayowataka wenye nyumba wawe na chama cha kusimamia paa, ngazi, pampu na bustani. Chama kisichokuwa na pesa ni karatasi. Vyumba viwili vya duka pale chini, kodi yake iingie moja kwa moja kwenye mfuko wa pampu na rangi, vitafanya kazi kubwa kuliko tangazo la kudai michango lililobandikwa mlangoni.

Na uani? Uani unaweza kupanda ghorofani. Kila sakafu yenye nyumba sita iwe na kibaraza kipana upande wa kusini, tuseme mita tatu kwa nane: sakafu ya zege inayostahimili mkaa na maji, karo la kufulia, bomba lenye mita ya pamoja, kamba za nguo, na dohani la matofali la kupeleka moshi juu ya paa, hadi hapo gesi itakapokuwa rahisi kwa kila mtu. Kiwe wazi upande mmoja, ili anayekaanga amwone mtoto anayecheza chini na aliye chini asikie akiitwa. Kila nyumba iwe na chumba kimoja chenye mlango wake wa nje, mwenyewe aamue kukipangisha, kumpa mpwa aliyetoka kijijini, au kuweka cherehani.

Kabla ya kumwaga zege hata ndoo moja, mwenye mradi achukue jivu aende uwanjani, achore kibaraza hicho chini kwa vipimo kamili. Amwite yule mama wa Buguruni aje na kigoda chake, ndoo, jiko na kikaango, na majirani zake watano waje na vyao. Wakae, wageuze vitumbua, wapishane na karai la nguo. Mahali mgongo wa mmoja utakapogusa jiko la mwenzake, mstari wa jivu usogezwe.